Burunge au Naboisho: nani anamlipa mwenye ardhi?

Tembo wa Tarangire hawajui mpaka wa hifadhi. Wakielekea Ziwa Manyara hupita Kwakuchinja, kwenye ardhi ya vijiji vya Burunge. Huko ardhi ni ya kijiji, kwa hiyo vijiji vimeungana kuwa jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, mfumo uliowekewa kanuni mwaka 2002. Fedha za watalii hugawanywa: serikali huchukua fungu lake, jumuiya lake, kijiji lake. Zikifika kijijini hujenga darasa au zahanati. Aliyeliwa mahindi na tembo usiku haoni noti mkononi.

Naboisho, hifadhi ya wenye ardhi jirani na Maasai Mara, Kenya, iliyoanzishwa 2010, ni habari nyingine. Kila mwenye hati hukodisha shamba lake kwa kampuni za utalii na kulipwa kodi yake mwenyewe, hata msimu ukiwa mbovu. Mifugo hulishwa kwa zamu. Asiye na hati, na wanawake wengi wamo humo, habahatiki.

Kwa pato la kaya, naichagua Naboisho. Ila ardhi ya Burunge haigawanywi vipande na kuuzwa kirahisi, na tembo anahitaji njia nzima.