Mgahawa wenye chakula kizuri na supavaiza asiye na adabu: uzoefu wangu

Nianze na kilichoniudhi, maana sifa za mgahawa huu mtazikuta kwa wengine. Supavaiza wa zamu ya jioni, kijana ambaye sidhani kama amefika miaka thelathini, alisimama mbele ya meza yetu akamwambia mtu wa umri wa baba yake, "Wewe, toa takataka zako hapa." Shikamoo hakuna, samahani hakuna. Mzee hajafungua hata mdomo, kijana akapitisha kitambaa kibichi juu ya meza na kusomba kila kilichokuwepo.

Mimi ni mmoja wa wanaoandaa kijiwe cha wapenda teknolojia hapa Dar. Hatuna mgeni rasmi, hatuna projekta wala mabango ya wadhamini. Watu wanatoka makazini na vyuoni siku ya Jumamosi, wanakaa, kila mtu anajilipia chake, wanaongea. Mwenye kitu anachokitengeneza anakuja nacho, aliyekwama anauliza. Utamkuta mtu wa benki anayeandika programu usiku, wanachuo wa Mlimani na DIT, binti anayefunga kamera za ulinzi, na mafundi simu wa Kariakoo. Hao mafundi ndio wanaonifanya niendelee kuandaa, kwa sababu wanajua vitu ambavyo hakuna darasa linafundisha.

Kazi kubwa ni kupata mahali. Ukiweka Masaki, watafika wenye magari, na wa Mbagala na Gongo la Mboto watatumia nauli kubwa kuliko soda waliyokuja kunywa. Hoteli zinataka ulipie ukumbi na chakula kwa kichwa. Ofisi za watu zinataka barua na orodha ya majina, na ukishaandikisha majina getini, nusu ya watu hawaji tena. Ndiyo maana nilifurahi sana kuupata mgahawa huu wa ghorofani, kando ya barabara ya Bagamoyo, mtu anashuka kituo cha mwendokasi cha Morocco na kumalizia kwa miguu au bodaboda. Feni zinazunguka, soketi zipo ukutani, upepo unaingia.

Na sikuvamia. Nilikwenda kabla, nikakaa na meneja, tukakubaliana: kona ya dirishani ni yetu kuanzia saa kumi, muziki utapunguzwa, hakuna kiwango cha chini cha matumizi kwa mtu mmoja mmoja, na natanguliza advansi ya laki moja itakayokatwa kwenye bili zetu. Nikalipa kwa lipa namba. Ujumbe wa muamala ninao, na wa meneja wa WhatsApp ninao pia: "Karibuni sana dada, mjisikie nyumbani." Nauweka hapa ili asije mtu akasema tulikuwa wavamizi wa viti.

Mwanzo ulikuwa mzuri kweli. Chipsi za moto, kuku ameiva mpaka kwenye mfupa, kachumbari haikulala. Dada aliyetuhudumia alikuwa anajua nani kaagiza nini bila kuandika. Waifai iliturusha kidogo ikatulia. Kama ningeondoka saa kumi na mbili, leo mngesoma maneno mengine kabisa.

Sasa mzee wetu, mmoja wa wale mafundi simu. Siku ile mwanachuo mmoja alileta simu isiyopokea chaji, na mzee akakubali kuifungua pale pale ili vijana waone jinsi sistimu chaji, yaani tundu la kuchomekea chaji, inavyobadilishwa. Alichokifanya kwanza ndicho kilichonivutia. Alitoa karatasi nyeupe, akachora umbo la simu, na kila skrubu aliyoitoa akaiweka kwenye karatasi mahali pale pale ilipotoka kwenye simu, na namba pembeni yake. Akawaeleza sababu. Skrubu za simu zinaonekana sawa kwa macho, lakini urefu unatofautiana kidogo sana, na ukiingiza ndefu kwenye tundu la fupi inaweza kuchimba ubao na kukata njia za umeme zilizo ndani yake. Simu iliyokuja na tatizo la chaji inaondoka imekufa, na fundi hajui ameiua saa ngapi. Vijana walikuwa wameinama juu ya ile karatasi, hakuna aliyeshika simu yake. Mwandaaji yeyote wa vijiwe anajua jinsi dakika kama hiyo ilivyo adimu.

Hapo ndipo kitambaa kilipopita. Karatasi ikakunjika, skrubu zikaruka, nyingine chini ya meza za watu wengine.

Nikasimama. "Kaka, samahani, huyu ni mgeni wetu, na hapa tumekubaliana na meneja."

Akanijibu bila kuniangalia: "Dada, hapa ni biashara, siyo kijiweni. Mtu ameagiza maji ya buku tangu saa kumi, amejaza meza."

Maji ya buku! Mbele ya wanafunzi waliomwamkia mzee huyo mmoja mmoja alipoingia. Nilitaka bili yetu ya mezani iletwe hapo hapo asome mwenyewe ilikofika, maana wengine walikuwa wameagiza mpaka sahani ya pili. Lakini hata kama tungekuwa wote tunakunywa maji, makubaliano yalikuwa ni makubaliano. Na hata kama yasingekuwepo, mzee hasemeshwi hivyo. Hilo mtu analeta kutoka kwao, hafundishwi kazini.

Tulipiga magoti kutafuta skrubu kwa tochi za simu. Yule dada mhudumu aliweka trei chini akainama nasi, bila kujali bosi wake anamtazama. Moja haikuonekana. Mzee akakataa kuweka nyingine badala yake. Akaifunga simu na nafasi ile wazi, akamwambia mwanachuo aipitishe dukani kwake Jumatatu amalizie, bure. Kisha akakusanya koleo zake, akasema, "Wanangu, mimi niwaache." Tulimsindikiza mpaka chini. Tangu siku hiyo nikimpigia ananijibu vizuri tu, "Nitaona, mwanangu," na haji.

Kuna watakaosema nakuza jambo, ni mgahawa tu na skrubu moja. Someni vitu hivi huanzia wapi. Homebrew Computer Club, kijiwe cha wapenda kompyuta cha kule California, ilikutana mara ya kwanza Machi 1975 kwenye gereji ya mwanachama, Menlo Park, na Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alitoka kwenye mkutano ule na wazo lililomfikisha kwenye kompyuta ya Apple I. Tukirudi kwetu, Ramani Huria, ule mradi ulioanza 2015 wa kuchora mitaa inayofurika ya Dar kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichangia, ulibebwa na wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi wa mitaa yenyewe, wanaojua mtaro upi unafurika. Siwezi kusema kijiwe chetu kitazaa nini. Ila najua kwamba mwanafunzi na fundi wasipokaa meza moja hakizai chochote, na siku ile fundi ndiye aliyefukuzwa.

Nyota je? Nilipanga kutoa mbili, kwa chakula na yule dada. Halafu siku iliyofuata meneja akapiga simu, akaniomba radhi vizuri, na juzi advansi yote imerudi bila kukatwa hata shilingi. Nikasema basi, watu hukosea, niwape tatu na nifute nusu ya maneno haya. Nikamuuliza kama wamemtafuta mzee. Akasema, "Yule fundi? Dada, hilo si tulishalimaliza." Limemalizwa na nani? Mimi sikusombewa kazi yangu mezani. Radhi imekuja kwa aliyelipa advansi, aliyedhalilishwa hata jina hawajaliuliza. Nyota moja, na hiyo moja ni ya mhudumu, siyo ya mgahawa. Kwa chakula cha mchana na familia nendeni, sitawazuia, mtakula vizuri. Kwa kijiwe, kikao cha vijana, kikundi cha kusoma, watu wowote ambao baadhi yao mfuko ni mdogo, msiende.

Na wenzangu mnaoandaa, mkipata mahali msiishie kwa meneja. Ongeeni na supavaiza wa zamu ile ile mtakayokuwepo, asikie masharti kwa masikio yake, na muone anavyowasemesha wahudumu wake. Mimi siku hizi ndicho ninachoangalia kabla ya soketi.

Kwa wanaouliza mwezi huu tunakutana wapi: Sinza, uani kwa mwenzetu, Jumamosi saa kumi. Viti tunakodi, kila mtu aje na kinywaji chake, hata maji. Soketi zipo, na LUKU tunachangia.