Siku moja Kilwa Kisiwani: mwongozaji nyota tano, mashua nyota mbili

Mimi ni mtu wa Lindi, na aibu ninayo. Nangurukuru nimepita mara nyingi nikielekea Dar, sikuwahi kukata kona kwenda Kilwa Masoko, mji wa kuvukia kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale. Mwezi uliopita nikashuka, mimi na shangazi yangu anayeuza vitenge sokoni Lindi, pamoja na wanawe wawili.

Tulipanda basi la alfajiri, tukaunganisha na Noah, gari dogo la abiria, hadi Kilwa Masoko. Kibali cha kutembelea magofu unakilipia hapo kabla ya kuvuka. Beba kitambulisho, maana Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni. Hapohapo tukampata mwongozaji, kijana mzaliwa wa kisiwani.

Mashua sasa. Bei ni ya kupatana na sikuona ubaya, tuligawana. Ila maboya ya kuvaa yalikuwa mawili na abiria tulikuwa watano. Nahodha anasema, "Hapa karibu tu." Ni karibu kweli, kisiwa unakiona mbele yako, lakini maji ni maji. Shangazi alisimama gatini mikono kiunoni, akagoma kupanda mpaka yakaazimwa mengine mashua ya jirani. Ulizeni maboya kabla hamjataja bei.

Ukifika, linalokupokea ni Gereza, ngome iliyo ufukweni. Wareno walijenga ngome hapa mwaka 1505, wakaihama 1512. Kuta zinazoonekana leo sehemu kubwa ni za Waomani. Neno gereza lenyewe, kumbe, limetokana na neno la Kireno la kanisa! Miaka yote nalitamka tu.

Msikiti Mkuu usiupitie mbiombio. Upande wa kaskazini ndio mkongwe, wa karne ya 11, na paa lake halipo tena. Upande wa kusini uliongezwa baadaye, na huo ndio wenye makuba. Yote ni mawe ya matumbawe na chokaa. Bila mwongozaji ningeona magofu tu nikapiga picha nikaondoka. Yeye alitusimamisha pale pande mbili zinapokutana, tukaona wapi fundi mmoja aliacha na mwingine akaanza.

Kisha tukakaa kivulini, akatusimulia jinsi Ali bin al-Hasan wa Shiraz alivyokinunua kisiwa: alimpa mwenyeji nguo za kukizunguka chote. Hapo mwenye vitenge akaamka.

"Mwanangu, kuzunguka kisiwa chote ni mwendo gani?"

"Mama, hilo hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza."

"Na nguo zilitandazwa kwa urefu au kwa upana?"

Kijana akacheka mpaka akashika mti. Shangazi hakucheka, alikuwa anahesabu majora kwa vidole. Hukumu yake: kisiwa kiliuzwa kwa bei ya jumla, na aliyeuza hakuwa na mke wa kumshauri. Hadithi ina mkia wake, kwamba muuzaji alitaka kurudi kukinyakua na mnunuzi akachimba mkondo ili maji yamzuie, lakini huo ulisimuliwa kwa watu watatu tu. Wa nne alikuwa kwenye hesabu.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo na magofu mengine, na jua la saa saba halina huruma. Twendeni hivyohivyo. Ni kasri linalohusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyekuwa akitawala Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331. Liko juu ya jabali linaloitazama bahari, na ndani kuna birika la kuogea lenye pembe nane. Wale vijana wawili, waliokuwa wakilalamika njaa tangu asubuhi, walikaa kimya ukingoni mwa birika hilo. Mimi ningekaa saa nzima. Tulipata dakika ishirini, nahodha kishapiga simu kwamba maji yanakupwa.

Kosa ni letu pia, hatukuuliza maji kabla ya kutoka Lindi. Tukavua viatu, tukatembea kwenye tope hadi mashua ilipokwama, Shangazi kajifunga kitenge magotini. Anzeni na Husuni Kubwa jua likiwa chini, Gereza mlimalizie mwisho kwa kuwa liko palepale mnapopandia.

Kwenye basi la kurudi nilidhani kalala. Tumeshapita Mbwemkuru, akanigusa bega: "Na kama zilikuwa za hariri, je?"