ZX Spectrum 48K ya mtumba: nimeitengenezea bao letu la utotoni

Nimekaa na hii kompyuta miezi minne sasa, ndo naona naweza kuisemea. Ni ZX Spectrum 48K (48K ni kilobaiti 48 za kumbukumbu), ile nyeusi yenye vibonye vya mpira na michirizi ya rangi pembeni, ya kampuni ya Clive Sinclair, ilitoka hukuhuku Uingereza Aprili 1982 na ya 48K ilikuwa pauni 175. Mie nimeipata ya mtumba kwa pauni 90, muuzaji kaniapia kila kitu kinafanya kazi, kufika nyumbani naiwasha maandishi yanatokea vizuri ila vibonye kadhaa haviitiki kabisa. Kumbe ile karatasi ya plastiki chini ya vibonye ikizeeka inakauka na kukatika, ni ugonjwa wa mashine za umri huu, na mpya bado zinatengenezwa, unafungua skrubu unabadilisha mwenyewe. Kwahiyo ukienda kununua, bonyeza kila kibonye kabla hujatoa hela, kimoja kimoja.

Sasa mie sikuinunua kwa ajili ya magemu yake ya kaseti. Nilitaka bao. Bao la kete, lile tulilokuwa tunachimba mashimo mchangani na komwe, zile mbegu za kijivu, za kuokota pwani, halafu ukikua kidogo babu anakuruhusu ukae barazani ucheze kwenye bao lake la mbao. Nimeanza na bao la kujifunza, kila shimo kete 2, hamna kunamua (kuingiza kete za akiba moja moja) wala nyumba (lile shimo maalumu), maana ndo tulilofundishwa nalo sote.

Na hapa ndo hii mashine imenishika moyo. Skrini yake inaingia herufi 32 kwa upana. Bao lina mashimo 8 kwa safu. Yani kila shimo linapata herufi 4 kamili na hakibaki kitu, safu zote nne zinakaa na chini bado una nafasi ya kuandika zamu ya nani. Rangi nazo, watu wanailalamikia sana kwasababu kila kimraba cha nukta 8 kwa 8 kinabeba rangi mbili tu, ukichora kitu kinachotembea rangi zinavamiana, ni kweli, lakini bao halitembei, shimo jeusi ndani yake kete, basi. Na ile nyeupe yake usipoiwekea BRIGHT, amri ya kung'arisha rangi, inatoka kijivu, kijivu ya komwe kabisa, nilipoiona mara ya kwanza nilinyamaza nikaiangalia tu. Kete yenyewe nimeichora kwa mkono, mistari 8 ya sifuri na moja, unaiweka kwa POKE, amri ya kuandika namba moja kwa moja kwenye kumbukumbu, mstari mmoja mmoja mpaka duara linakaa sawa.

Kuandika programu kunataka kuzoea. Huandiki amri kama PRINT herufi kwa herufi, unabonyeza P neno lote linatokea, L inakupa LET, G inakupa GO TO, na maneno mengine mpaka ushike vibonye viwili pamoja. Wiki ya kwanza vidole vilikuwa vinapotea, ya tatu nikawa naandika haraka kuliko nilivyotegemea. Kilichonisumbua zaidi ni sheria ya kula kwenye kimbi, shimo la pili kutoka mwisho wa safu, maana ukila pale lazima kete uziingizie kichwa, yani shimo la mwisho, cha upande uleule, kwa mkono hata mtoto anajua ila kuiambia mashine nimetumia jumapili mbili nzima.

BASIC, lugha yake ya kuandikia programu, ni polepole, na kwa gemu la kukimbizana ingekuwa tabu. Kwa bao hiyo ndo sifa yake! Kete zinadondoka moja moja kwa mwendo wa mkono wa mtu, kila moja na BEEP yake fupi, unaona kabisa zinavyozunguka na unaanza kuomba ya mwisho iangukie pale unapotaka.

Kuna hii mpya ya 2024 inaitwa The Spectrum, umbo lilelile, unachomeka HDMI na ina magemu 48 ndani. Ukitaka kucheza tu chukua hiyo, haina maumivu. Ila haina pa kuchomekea kaseti, na mie kuhifadhi bao langu kwenye kaseti ya kweli, kusikia ule mlio wake, nilikuwa nakitaka hasa. Ubaya ni kwamba kaseti za zamani zinaweza kukuangusha, siku nyingine inakataa katikati unaanza tena, kwahiyo hifadhi mara mbili, na nyingine rekodi kwenye simu.

Mwezi uliopita baba alikuja kututembelea. Macho yake sasa hivi si mazuri, nikamwekea kiti karibu na TV, mie nabonyeza yeye anataja shimo, na idadi ya kete namsomea. Hatujafika mbali, mara akaniinulia mkono. "Mwanangu, umesema sita. Imelia mara tano." Nikabisha. Akasema rudia. Nikahesabu bao zima, kete 63 badala ya 64. Ilikuwa kila kete zinapozunguka kutoka shimo la 16 la mchezaji kurudi la 1, moja inapotea, na mie nimelicheza hilo bao wiki nzima sijaona, mzee kasikia kwa sikio. Nimeurekebisha mstari usiku uleule yeye akiwa kakaa pembeni na chai yake, tukaanza upya, akanila mara mbili.