TAHADHARI: gari inazima ikipata moto halafu unauziwa kontroli boksi, nimeliwa laki sita na nusu

Jamani wenye gari hapa Dar, hasa sisi wa IST, Vitz na hizi ndogo ndogo, naomba msome hii, mimi nimeshaliwa na sitaki mwingine aliwe.

Gari yangu asubuhi ilikuwa inawaka vizuri kabisa, ila nikikaa foleni ya Mandela injini ikishapata moto inakata ghafla kama mtu kazima swichi, unapiga stata inazunguka weee haiwaki, umewasha hazadi huku malori yanakupigia honi nyuma mpaka machozi yanakutoka, unakaa kama nusu saa hivi, ukijaribu tena inawaka kama hakuna kilichotokea. Wiki mbili nzima naishi hivyo na watoto nyuma wanatoka shule.

Nikaunganishiwa fundi umeme anayekufuata nyumbani na mashine yake ya kusoma ubovu wa gari. Kachomeka dakika tano, skrini hata hakunionyesha, akasema "dada yangu hii kontroli boksi imekufa, ukiendelea kuendesha utaua na nozeli". Kontroli boksi ndio kompyuta inayoongoza injini, nikaogopa. Hapo hapo akampigia muuzaji wa spea, akaweka spika, jamaa anasema ipo moja tu, used ya Japani, laki sita na nusu na kuna mteja mwingine yuko njiani anaifuata. Nikatuma hela kwa simu, jina lililotokea si la duka wala la yule niliyemsikia, na bado nikabonyeza. Risiti hakuna. Gari ikalala kwake, asubuhi naenda kuichukua inawaka mguso mmoja, injini imetulia, nikamshukuru na hela ya soda nikampa.

Sasa ujanja uko hapo. Gari yenye ugonjwa huu ikilala inawaka asubuhi hata asipoigusa mtu! Kilichokuwa kinasumbua ni sensa ya krenki, yaani inayosoma mzunguko wa shafti kuu ya injini, kadude kadogo kanakaa chini karibu na puli ya krenki, ndani kana waya mwembamba umezungushwa, ukichoka ukipata joto unaachia, ukipoa unashika tena. Sensa ikinyamaza kontroli boksi haijui kama injini inazunguka, kwa hiyo inakata moto wa plagi na mafuta ya nozeli kwa pamoja, ndio maana inazima palepale bila hata kukohoa. Fundi tapeli anachohitaji ni usiku mmoja tu ipoe.

Siku ya tatu ikazima Buguruni. Nampigia muuzaji ananiambia vitu vya umeme vikishauzwa havirudishwi, fundi hapokei, jioni namba zote mbili hazipatikani.

Nikapelekwa kwa mzee mmoja, yeye alikataa kuigusa ikiwa baridi. Tulizunguka nayo mpaka ikazima, akaniambia mama piga stata uangalie mshale wa RPM, ule wa mizunguko ya injini, umelala sifuri, hautikisiki kabisa, yaani sensa haisomi. Akachukua chupa ya maji akamwagia sensa taratibu, gari ikawaka. Kwenye mashine ikasoma P0335, ndio namba ya kosa la sensa ya krenki, na skrini akanigeuzia nione mwenyewe. Sensa used elfu arobaini, bolti moja, hadi leo mwezi wa pili haijazima hata mara moja.

Nikamuomba anifungulie nione hiyo kontroli boksi niliyonunua. Akatoa kiboksi cha dashibodi upande wa abiria, akamulika na tochi ya simu, soketi imejaa vumbi la miaka, bolti zina kutu haijaguswa na spana, na utando wa buibui umetoka kwenye bolti mpaka kwenye bodi, mzima, haujakatika. Ile ni boksi yangu iliyokuja na gari. Hakuna kilichofungwa, hata kufunguliwa haikufunguliwa. Niliumia sana jamani, ile ilikuwa ada ya mtoto.

Sisemi kila gari inayozima ni sensa, pampu ya mafuta nayo inazimisha ila hiyo mara nyingi inaanza kwa kukosa nguvu na kukohoa, koili nazo zina mambo yake. Ninachosema usilipe gari ikiwa ya baridi, ipelekeni foleni na fundi akiwa amekaa humo ndani mpaka ipate moto, soma namba ya kosa kwenye skrini kwa macho yako, mwambie spea ya zamani akukabidhi mkononi, na duka likupe risiti ya EFD. Ukisikia "imebaki moja tu" funga pochi.

Nimechukua RB polisi, ile namba ya taarifa, na meseji zote za malipo ninazo. Kama na wewe umeuziwa boksi kwa staili hii hii, fundi wa kuja nyumbani na muuzaji wa kwenye spika, usifute meseji zako, tafadhali nitafute inboksi twende pamoja, tukiwa wengi watatusikiliza.