Kinoo cha zamani cha wembe: kipi ukilipie, kipi ukiache mezani

Kuna jambo wauzaji wa vinoo vya zamani hawalisemi. Kinoo cha asili cha wembe, hata kiwe cha karne ya 19 ndani ya kisanduku chake cha mbao, ni jiwe la kumalizia. Wembe wa kukunja ulioliwa na kutu au wenye mapengo hauponi juu yake. Unaanzia kwenye jiwe la kiwandani la namba 1000 (namba ikipanda, chembe za jiwe huwa ndogo zaidi), ambalo ndilo linalotengeneza makali, unapanda 4000 au 5000, halafu 8000, na mwishoni kabisa ndipo jiwe la asili linaingia ili makali yasikwaruze shavu. Asiye na jiwe la 1000 aanze kununua hilo.

Namba hizo zenyewe ni za mawe ya kiwandani tu. Jiwe lililochimbwa halikupitishwa kwenye chekecheke, kwa hiyo halina namba. Anayekuambia kinoo chake cha asili ni "12000" amekisia, au anakitafutia bei.

Mpangilio ninaoutoa hapa haukufuata ubora wa makali peke yake. Swali langu ni hili: mtu asiye na fundi pembeni, anayenunua kwenye soko la mitumba la Ulaya au kwenye mnada wa mtandaoni, atajuaje kwamba alichokishika ndicho alichokilipia? Jiwe zuri usiloweza kulitambua ni bahati nasibu.

Namba moja: coticule ya Ubelgiji

Linatoka Ardennes, kandokando ya Vielsalm, Salmchâteau na Lierneux, na hadi leo linachimbwa Lierneux. Rangi yake ni ya krimu hadi manjano. Ndani limejaa chembe za garneti zenye upana wa mikroni 5 hadi 20 hivi. Ukisikia ukubwa huo utadhani ni jiwe la kunolea panga, lakini garneti ina nyuso nyingi zenye pembe butu, hivyo haichimbi chuma kwa kina, inakwangua juujuu. Ndiyo maana makali yake ni laini kwa ngozi, na kwa mwenye shavu jepesi kukasirika mimi hushauri hili kabla ya jingine lolote.

Kulitambua si kazi. Tabaka la manjano mgodini ni jembamba, kwa hiyo kinoo cha zamani huwa na tumbo la manjano na mgongo mweusi au wa buluu-zambarau. Tazama ubavuni. Pale ambapo mawe mawili yameungana ardhini, mpaka wake unayumba na rangi huingiliana kidogo. Pale yalipogundishwa, mstari umenyooka na mara nyingi gundi yenyewe inaonekana. Yote mawili yananoa vizuri. Tofauti iko kwenye bei, basi usilipie la gundi kwa bei ya lililoungana lenyewe. Kisha liloweshe na usugue uso wake kwa kipande cha jiwe jembamba la aina hiyohiyo. Upande wa manjano utoe uji mweupe wa maziwa. Upande wa buluu hutoa uji wa zambarau, na huo ni jiwe jingine, la bei ya chini, linalofaa hatua ya kabla ya mwisho.

Mistari myeusi iliyolala ndani ya manjano isikutishe. Kinachotisha ni ufa, au mshipa mgumu mweupe unaokwama ukipitisha ukucha, kwa sababu na wembe utakwama hapohapo.

Uzuri wake mwingine ni kwamba jiwe moja linafanya kazi mbili. Anza na uji mzito, nao unakata kwa kasi. Kisha ongeza maji tone baada ya tone kadiri unavyoendelea, mpaka umalize kwa maji matupu, ambapo jiwe halikati tena bali linang'arisha. Haraka ya kuongeza maji ndiyo inayowaangusha wengi: makali yanabaki katikati, hayajakatwa vya kutosha wala hayajang'ara.

Wasomaji walioko Brussels wana nafuu. Soko la mitumba la Place du Jeu de Balle, mtaa wa Marolles, hufunguliwa kila siku asubuhi, na kutoka Matonge, mtaa wa Waafrika jijini humo, si mbali. Jiwe ni la nchi hiyohiyo. Mimi ningeanzia hapo, na chupa ndogo ya maji mfukoni.

Namba mbili: Arkansas ngumu

Hili ni la Marekani, kutoka milima ya Ouachita karibu na Hot Springs. Mwamba wake huitwa novakulaiti, karibu wote ni silika. Nimeliweka nafasi ya pili kwa sababu linajieleza lenyewe: weka tochi ya simu nyuma ya ukingo wake. Kama ni lile linalopitisha mwanga, ukingo utawaka rangi ya chungwa, waridi au maziwa. Lipo pia jeusi, ambalo halipitishi mwanga na bado ni zuri. Hilo lipime kwa mizani.

Mizani ni rafiki wa mnunuzi wa mtandaoni. Mwombe muuzaji vipimo kwa milimita na uzito kwa gramu. Jiwe la milimita 150 kwa 50 kwa 20 lina sentimita za ujazo 150. Arkansas ngumu ya ukubwa huo itakaribia gramu 390, yaani 2.6 kwa kila sentimita ya ujazo. Ukipata 2.2 au 2.3, jiwe lina vitundu vingi: ni Arkansas laini au Washita, vinoo bora vya patasi na visu lakini si vya kumalizia wembe. Kisanduku chenye jina la Pike au Norton ni dalili njema (Norton iliichukua Pike mwaka 1932), ila kampuni hizo ziliuza na yale laini pia, kwa hiyo jina halikuondolei kazi ya kupima.

Tumia mafuta mepesi ya madini. Halitoi uji wake lenyewe na ni la polepole mno. Asiye na subira alipite.

Namba tatu: sleti za Thüringen

Kwa makali matupu, ningeziweka juu. Ziliuzwa na J. G. Escher & Sohn wa Sonneberg, Ujerumani, kwa rangi zilizotajwa kwenye lebo: manjano-kijani, kijani hafifu, buluu-kijani na buluu iliyokolea. Wakusanyaji hupigania manjano-kijani na bei imepanda kwa sababu hiyo. Hapo ndipo shida inapoanza. Lebo ni karatasi, na karatasi huhama. Jiwe lisilo na lebo, la kijivu-kijani, laweza kuwa Thüringen au sleti yoyote ya paa la nyumba.

Ukilishika, ncha ya msumari ikwaruze ubavu wake kwa urahisi. Likisuguliwa na kijiwe chake litoe uji mara moja, laini kabisa, usio na chenga chini ya kidole. Kama ni lenye lebo, usililoweke wala usilisafishe kwa sabuni. Lebo ni nusu ya thamani yake siku ukiuza. Lisilo na lebo nalipa pesa ya jiwe lisilo na jina, basi.

Yanayofuata

Kwa bajeti ndogo sana kuna jiwe jipya la Guangxi, China, la kijivu, zito na gumu, linalouzwa mtandaoni kwa ile "12000" niliyoisema. Si la zamani, lakini linamaliza wembe kwa uaminifu likisawazishwa vizuri, na ningelichagua kuliko la zamani la kubahatisha.

Charnley Forest ya Leicestershire, Uingereza, ni ya kijani cha zeituni, mara nyingi yenye mabaka mekundu au ya kahawia. Inapendeza, inachosha. Mawe ya Wales, kama ya Llyn Idwal, nayo ni ya mwenye hamu ya kukusanya.

Mawe ya Kyoto, Japani, nimeyaweka mwisho, na najua wapo watakaonuna. Jiwe zuri la mgodi wa Nakayama halina mpinzani, lakini muhuri wa mgodi hughushiwa, na ugumu hutofautiana jiwe kwa jiwe hata ndani ya mgodi mmoja. Nunua kwa muuzaji anayekuruhusu kulijaribu, au usinunue.

Kisha kuna lile ambalo si la asili kabisa. Vinoo vidogo vya kinyozi vyenye maandishi yaliyozama ndani ya jiwe lenyewe, kama Swaty, vilitengenezwa kiwandani. Ni vizuri kwa kazi yake. Kosa ni kulipishwa bei ya jiwe la mgodini.

Kabla hujaweka wembe

Ukubwa usikusumbue: milimita 125 kwa 40 zinatosha wembe, na vidogo hivi huwa nafuu. Kigongegonge kwa kucha. Sauti iliyofubaa ni ya ufa. Chora miraba ya penseli usoni, kisha sugua kwa msasa wa maji uliowekwa juu ya kioo kinene mpaka penseli yote ifutike, kwani kinoo cha zamani karibu kila mara kina bonde katikati. Arkansas itamaliza msasa wako na kulichosha bamba la almasi. Tumia unga wa silikoni kabaidi juu ya kioo. Pembe za jiwe zivunje kidogo ili zisichane makali.

Wembe ulale wote, mgongo na makali pamoja, makali yakitangulia, kwa uzito wake wenyewe tu. Baada ya jiwe, kitambaa kizito halafu mkanda wa ngozi, safari hii mgongo ukitangulia.