Riwaya Imenikonga Moyo, Aliyeniuzia Kanichefua

Kurasa 16 hazimo. Ukimaliza ukurasa wa 176 unarudishwa 161, maneno yale yale, halafu ghafla uko 193. Na hazikukatika pahala pa kupuuzwa. Zimekatika Januari 1964.

Riwaya ni ya mapenzi, mambo ya zamani, Wete. Mwalimu wa kike wa skuli na mwanamme mwenye banda la kunyanyulia vyuma: vyuma vyenyewe makopo yaliyojazwa saruji, katikati bomba. Mwandishi anaijua Pemba huyu. Kuna usiku wa msimu wa karafuu, nyumba nzima iko jamvini inachambua, karabai inavuma, na yule bwana wa misuli vidole vinamshinda kutenga karafuu na makonyo. Mwalimu anacheka, mama mtu anamtazama tu bintiye, keshaelewa. Nimeusoma usiku ule mpaka nimeuhifadhi.

Inakuja Disemba 1963, uhuru, wawili wale wanapanga posa. Mapinduzi yanatokea Unguja tarehe 12 mwezi unaofuata, Jumapili, na huku Pemba watu wanayapata redioni. Sasa nani Wete alikuwa na redio? Bwana alikuwa bandani? Mwalimu alikuwa kwao? Sijui! Nafungua 193, banda lina kufuli, mwalimu yuko bandarini na mkoba, hakuna anayeniambia kwa nini.

Nikampigia muuzaji. Duka liko Mjini, Unguja, nililipa kwa simu na kitabu kikaja na boti. Nilimsalimu vizuri, nikamuuliza na hali ya watoto, ndipo nikamweleza. Akanijibu: "Bibi wee, hadithi za mapenzi zote zinaishia harusini. Ruka mbele." Akakata.

Niruke mbele! Januari 1964 niiruke, mimi mtu wa Pemba! Nilipopiga tena akasema nikirudishe kwa boti, gharama juu yangu, ataangalia kama ana chengine. Hata pole hakusema.

Tangu siku hiyo kila kitu cha kitabu kile kinaniudhi. Hilo jalada, kwa mfano: nyuma ya wapenzi kuna mashine za mazoezi zinazong'aa, za kuchomekwa kwenye umeme. Wete ya 1963! Waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga umetufikia Pemba mwaka 2010, kabla yake ilikuwa majenereta, na wakubwa wetu wanakumbuka yalivyokuwa yakizimika. Aliyechora hakusoma hata ukurasa mmoja. Karatasi nazo nyepesi, herufi za upande wa pili zinaonekana.

Haya, kukosea kurasa ni kosa la mtambo wa chapa, muuzaji hakukichapa yeye. Hilo namwachia. Ulimi ni wake.

Nilikaa kuandika kwamba msikinunue. Siwezi. Barua ya mwisho ya yule bwana imeniliza, pamoja na pengo lote lile. Kinunueni, ila si kwa mtu yule, na fungueni 177 kabla hamjatoa pesa. Na mwenye nakala kamili, awe Wete, Chake au hata Mkoani, naomba aniazime siku mbili. Nauli nitatoa mimi, nitakifuata mwenyewe.