Foggy Mountain Jamboree ya Flatt na Scruggs: uzoefu wangu

Niliinunua albamu hii kwa ajili ya banjo, na sasa naisikiliza zaidi kwa ajili ya gitaa. Ilitolewa na kampuni ya rekodi ya Columbia mwaka 1957, nayo inakusanya nyimbo 12 za blugrasi, muziki wa Kimarekani wa ala za nyuzi, ambazo Lester Flatt na Earl Scruggs walizirekodi kuanzia 1951, miaka mitatu baada ya kuondoka katika bendi ya Bill Monroe, mwasisi wa muziki huo.

Mara ya kwanza niliisikiliza kwa spika ya simu, besi ikapotea kabisa. Nawasihi wengine watumie spika za kweli, kwa kuwa banjo ya Scruggs hukimbia juu ya mdundo huo. Anapiga kwa vidole vitatu, gumba, cha shahada na cha kati, na hata mwendo unapokuwa mkali kila noti husikika waziwazi. Katika "Earl's Breakdown" anazungusha kigingi cha kukazia uzi huku uzi wenyewe ukiwa bado unalia, sauti ikateleza chini kisha ikapanda tena mahali pake. Nilidhani rekodi yangu ina hitilafu, nikairudisha nyuma mara tatu kabla ya kuelewa kwamba ni ufundi wa mikono. Mchezo huo umo pia katika "Flint Hill Special", kibao chenye jina la kijiji alikokulia huko North Carolina.

Flatt, mwana wa Tennessee, haimbi kwa kujikakamua. Humaliza mstari kwa utulivu, kisha gitaa lake huufunga kwa noti chache nzito, na bila noti hizo naamini banjo ingechosha. Wimbo nilioupenda kuliko yote ni "Jimmie Brown the Newsboy", masimulizi ya mtoto fukara anayeuza magazeti, ambamo Scruggs mwenyewe anaweka banjo kando na kupiga gitaa kwa upole ulionigusa sana.

Kasoro ninayoiona imetokana na kuchanganya rekodi za vipindi tofauti. Josh Graves alijiunga na bendi mwaka 1955 akiwa na gitaa lake la dobro, linalopigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, kwa hiyo ukitoka "Shuckin' the Corn", ambamo dobro linajibizana na banjo, rekodi za awali husikika kama zimepungukiwa na mtu mmoja. Ningependa zingepangwa kwa kufuata miaka, na siku hizi mimi huzipanga hivyo mwenyewe kila ninaposikiliza.